Kwaya ya Baba imo ndani ya albamu yangu ya hevi metali, naye hasemi nami

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kijitonyama na wazazi wangu. Napiga fidla. Mchana nafundisha watoto wa watu fidla na kinanda majumbani, jioni nafanya mazoezi na wenzangu watatu: mmoja wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi, mmoja wa gitaa la umeme, mmoja wa dramu. Wa gitaa ndiye pia mwimbaji, ingawa Mama anasema kile si kuimba, ni kukoroma.

Tumemaliza albamu yetu ya kwanza, nyimbo nane. Ni klasiki na hevi metali kwa pamoja. Sisemi fidla inaanza kidogo halafu gitaa linaifukuza. Vyote vinakwenda sambamba tangu mwanzo hadi mwisho, na nota zote nimeziandika mimi kwa mkono. Tulirekodi Sinza kwa usiku 11, maana mchana bajaji na mafundi wa kuchomelea mageti hawakutupa nafasi. Mara mbili umeme ulikatika katikati ya wimbo tukaanza upya.

Nyimbo saba hazina neno. Tatizo ni wa tano. Nimeutunga kwa maneno ya Zaburi ya 130, “Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia.” Nilitaka kwaya ya watu, sauti nne, sikutaka ile ya kwenye kompyuta. Baba yangu ni mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa mjini, mwaka wa 31 huu. Nikamwomba waimbaji, akanipa 14, tena wale wazuri kabisa. Niliwaandikia solfa, wakafanya mazoezi Jumamosi mbili, wakaja studio wakaimba “Bwana, utuhurumie” mpaka fundi mitambo akavua hedifoni akabaki anawaangalia. Niliwapa nauli elfu tano tano na chipsi kuku. Niliwaambia ni albamu yangu ya fidla. Habari za gitaa sikuwaambia. Sikuwadanganya Shangazi, hawakuuliza.

Mwezi uliopita mwenzetu wa dramu aliweka klipu ya sekunde 40 kwenye status yake ya WhatsApp. Sekunde zenyewe ni zile ambazo kwaya inaimba “utuhurumie” na mpiga gitaa ananguruma juu yao. Kabla ya saa mbili usiku ilishafika kwenye grupu la kwaya. Mzee mmoja wa kanisa akaandika kwamba ni muziki wa shetani na kwamba sauti za watoto wa Mungu zimetekwa. Mama mmoja wa sauti ya pili alilia ibadani Jumapili. Mwenyekiti wa kwaya akamwita Baba kikaoni.

Baba aliporudi aliniambia, “Hukuniambia,” akaingia kulala. Hii ni wiki ya tatu. Nikimwamkia anaitikia huku anaangalia taarifa ya habari, basi.

Nimejaribu kumwelewesha. Nilimwekea mezani simu yenye onyesho la Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, na okestra ya San Francisco la mwaka 1999. Nikamweleza kuhusu Apocalyptica wa Finland, vijana wanne wa selo waliosoma chuo cha muziki cha Sibelius, ambao albamu yao ya kwanza ya 1996 ilikuwa nyimbo za Metallica tupu kwa selo tupu. Nikamweleza kuhusu bendi ya roki ya Deep Purple na okestra ya Royal Philharmonic pale Royal Albert Hall, London, mwaka 1969. Nikamkumbusha kwamba hata Paganini, mpiga fidla wa Italia, aliambiwa ana mkataba na shetani kwa sababu ya fidla yake, mpaka alipofariki 1840 askofu akakataa azikwe kwenye ardhi ya kanisa. Baba akaondoka mezani chai hajamaliza.

Uzinduzi ni wiki nne zijazo, ukumbi uko Mikocheni, tumeshalipa shilingi 600,000 ambazo hazirudi. Albamu nzima imekula shilingi 4,800,000, na kati ya hizo 1,500,000 alitoa Baba kwenye kiinua mgongo chake. Mpiga gitaa anasema tutoe kama ilivyo, wazee hawawezi kuelewa na baada ya miezi mitatu watasahau. Mpiga selo anasema sauti za kwaya tuzipitishe kwenye programu zibadilike zisijulikane ni za nani. Mimi nimewaza tutoe kwa jina jingine la bendi.

Swali langu: nitumie hoja gani Baba na wazee waelewe kwamba muziki huu si wa shetani?

Binti wa Mwalimu, Kijitonyama

*

Marahaba mwanangu,

Nimesikiliza kwanza ndipo nikakaa kuandika. Zile nyimbo tatu ulizonitumia nimezipitia zote, na wa tano nimeurudia mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimefunga madirisha kwa heshima ya majirani.

Mimi ni mtoto wa Ilala, nimelelewa na taarab. Ikhwani Safaa wa Unguja wapo tangu 1905, na sisi tumekuta fidla, selo na ganuni vimeshakaa barazani kama watu wa nyumbani, hakuna aliyeviuliza vimetoka wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia chombo fulani ni cha Mungu na kingine ni cha shetani, huwa namkaribisha kahawa tu. Dramu zenu nazo hazikunishtua. Mjukuu wangu anapigia singeli chumba cha pili, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na nyumba bado imesimama. Kunguruma kwa kijana wenu ndiko sikukupenda, na sitajifanya nimekupenda. Lakini mimi kutopenda si kesi.

Kesi ziko mbili, nawe umeniletea moja.

Hiyo uliyoleta, ya kwamba muziki huu ni wa shetani au siyo, utaishinda, tena bila kwenda Finland. Umewataja watu wote duniani ukamwacha mtu ambaye baba yako angekaa kumsikiliza: Johann Sebastian Bach. Mlutheri. Mwalimu wa kwaya, kazi ile ile ya Baba, pale Leipzig kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20 anayepiga kinanda cha kanisa mji wa Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne akamsikilize mzee Buxtehude, mpiga kinanda hodari, huko Lübeck. Akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, Februari 1706, wakubwa wa kanisa wakamweka kitimoto. Walitaka ajieleze kwa nini alizidisha ruhusa, na pia kwa nini anaingiza kwenye tenzi nota za ajabu ajabu zinazowachanganya washarika. Soma tena hapo. Mashtaka yako yana zaidi ya miaka 300, na aliyeshtakiwa ndiye huyu ambaye leo kila mwalimu wa kwaya anamtaja akiwa amesimama wima. Na moja ya kantata zake za mwanzo kabisa, yaani nyimbo ndefu za kwaya na vyombo, ameitunga kwa Zaburi hiyo hiyo yako ya 130.

Ukitaka kumtetea hata yule anayenguruma, itetee Zaburi yenyewe. “Toka vilindini.” Mtu aliye kilindini haimbi kama yuko kwenye sendofu. Sauti ikitoka imekwaruzika, imekwaruzika kwa haki. Mimi, ambaye sikuipenda, niliposoma maneno uliyoniandikia pembeni nilielewa inafanya nini pale. Wazee wenu hawakuwa na maneno. Walikuwa na sekunde 40 kwenye spika ya simu, na spika ya simu haina uwezo wa kutoa besi. Selo ikapotea, sauti ya nne ikapotea, dramu zikawa kama mtu anapiga sufuria, kikabaki kile kikoromo juu ya “utuhurumie”. Hata mimi ningeshika tasbihi.

Sasa njoo kwenye kesi ya pili, ambayo barua yako imeipita mbio kama daladala inayokwepa trafiki.

Umeandika, “Sikuwadanganya Shangazi, hawakuuliza.” Mwanangu. Mtu akiletewa karatasi ya solfa na binti wa mwalimu wake, akaambiwa ni albamu ya fidla, atauliza nini? Aulize kama kuna mtu atanguruma juu ya sala yake? Wale watu 14 wamekupa kitu ambacho hawana kingine, sauti zao, na wengi wao nje ya kanisa hawajawahi kuimba popote. Mtaani wanajulikana kwa sauti hizo. Yule mama wa sauti ya pili kwa nini alilia, wewe unadhani ni kwa sababu ya gitaa. Mimi naona alijisikia mwenyewe mahali ambapo hakukubali kwenda.

Na baba yako. Nimeisoma barua yako kama mara tano nikitafuta ni wapi Mzee alisema shetani. Hakuna. Aliyesema shetani ni mzee wa kanisa, kwenye grupu. Baba yako amesema “Hukuniambia”, akalala. Wewe ukamjibu kwa Metallica. Ukaongeza ukamjibu kwa Paganini. Angemalizaje chai?

Yeye ndiye aliyesimama mbele ya waimbaji wake akawaambia mwanangu anahitaji watu, nani anaweza. Miaka 31 amekuwa akiwaambia panda wanapanda, shuka wanashuka, kwa sababu wanamwamini. Halafu ameitwa kikaoni kujibia kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Na pesa ya kiinua mgongo ametoa. Sijui kama umeliona hilo, maana umeliweka kwenye aya ya mahesabu pamoja na ukumbi.

Hata mifano yako inakugeuka. Wale wa Royal Philharmonic mwaka 1969, wapo walionuna mazoezini, na kondakta wao Malcolm Arnold ikambidi awakalie kooni ili wapige kwa moyo. Lakini walijua wamekaa na nani. Jon Lord wa Deep Purple aliwaandikia nota, magitaa yalikuwa palepale ukumbini yanaonekana, aliyenuna alinuna macho yamefunguliwa. San Francisco 1999 vivyo hivyo. Na Bach, na ukorofi wake wote kule Arnstadt, nota zile ngeni alizipiga kwa vidole vyake mwenyewe. Hakuzitia kinywani mwa mtu.

Kwa hiyo swali la hoja gani utumie liweke kabatini kwanza. Wa kuwaendea kwanza ni waimbaji, na Baba ajue unakwenda kabla hujatoka nyumbani. Usiku huu huu, taarifa ya habari ikiisha, kaa chini mbele yake useme, “Baba, nilipaswa kukuambia, sikukuambia, nimekuaibisha mbele ya watu wako.” Ukomee hapo. Usiongeze “lakini”. Nakujua ingawa sikujui, una “lakini” tatu mfukoni. Akinyamaza, mwache anyamaze. Mwambie Jumamosi utakwenda kuomba radhi kwa kwaya na ungependa ruhusa yake, kwa sababu ile ni kwaya yake. Kama mambo ni mazito mno, baba mdogo au shangazi yako wa damu akutangulie kuzungumza naye. Hivyo ndivyo sisi tunafanya, na hakuna aibu.

Jumamosi mpitie mwenyekiti kwanza, usimvamie. Omba dakika 15 kabla ya mazoezi. Waombe radhi wote 14 kwa majina. Halafu waambie waziwazi: sauti zenu ni zenu, anayetaka yake iondolewe kwenye wimbo, itaondolewa, na sitamuuliza sababu. Hilo ulifanye kwa dhati, usiliseme kwa mdomo tu. Na lina mguu kisheria pia: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimtazami mtunzi peke yake, inamtazama na mwimbaji aliyerekodiwa. Ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kazi bila hata kikaratasi kimoja kilichosainiwa na hao watu, umejijengea nyumba bondeni Jangwani ukisubiri masika. Andikeni makubaliano, ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, wimbo gani, utatumika wapi, mapato yakipatikana wao wanapata nini. Chipsi kuku si mkataba.

Wakitaka kusikia, ndipo uwasikilizishe. Wimbo mzima, kwenye spika za maana, na kila mmoja awe na karatasi ya maneno mkononi. Ukifika kwenye kunguruma, wawe wanasoma “toka vilindini” kwa macho yao. Mpiga gitaa awepo, awe amevaa shati, aamkie watu, wamwone kwamba ni mtoto wa mtu. Nadhani, na hapa nakisia tu, watu kama tisa au kumi watabaki. Mama aliyelia anaweza kubaki au asibaki. Akitoka, mtatafuta sauti ya pili nyingine, mumwambie tangu mlangoni kuna nini ndani.

Wenzako sasa. Huyo anayesema wazee watasahau baada ya miezi mitatu hajawahi kukaa kwenye kwaya. Kwaya inakumbuka nani aliingia vibaya Krismasi ya 1998. Ushauri wa programu ya kubadilisha sauti ni mbaya kuliko wote, maana hapo utakuwa umechukua sauti za watu kisha ukazifunga vitambaa usoni. Na jina jingine la bendi, Dar hii? Wapiga fidla wa hevi metali mko wangapi, mpaka tushindwe kukujua?

Uzinduzi usogezeni. Hiyo 600,000 muombe mwenye ukumbi aihamishie tarehe nyingine. Wengi hukubali tarehe kuhama hata kama hawakubali pesa kurudi. Akikataa, imekwenda, na ni ndogo kuliko ile 1,500,000 ambayo hujaitolea hesabu. Kama mnaogopa kukaa kimya muda mrefu, toeni mmoja wa zile saba. Ile ya pili, yenye fidla inayokimbia peke yake mwanzoni, ndiyo yangu.

Nakuomba sasa unisikilize kuhusu sauti, maana hapa ndipo nilipofurahi kuliko sehemu zote za barua yako. Wimbo wa tano nilimpa fundi mitambo mmoja ninayemwamini, nikamuuliza mbona selo siisikii. Akacheka. Uzi mnene wa selo unatikisika kama mara 65 kwa sekunde, uzi mnene wa gitaa la kawaida kama mara 82, kwa hiyo kwa kawaida hawagongani sana pale chini. Lakini ninyi mmelegeza gitaa mpaka nota ya C, ile ile ya chini kabisa ya selo. Sasa wote wawili wanataka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja, na mwenye distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, ndiye mwenye mabega. Ama gitaa likatwe besi kidogo kwenye miksi, ama selo uipandishe oktavu moja, yaani toka do hadi do ya juu yake, kwaya inapoingia.

Jambo la pili alilosema nalipenda zaidi. Gitaa lenye distosheni halitaki do-mi-so kamili. Ile mi ikipita kwenye distosheni inageuka tope, ndiyo maana wapigaji wa metali hushika do na so wakaiacha mi. Na mi ndiyo inayotuambia wimbo unacheka au unalia. Kwenye wimbo wako mi imeshikwa na sauti ya pili peke yake, kuanzia “utuhurumie” ya kwanza hadi ya mwisho. Sijui uliandika hivyo kwa makusudi au mkono ulikwenda wenyewe. Lakini yule mama aliyelia ibadani ndiye aliyebeba wimbo wako wote, na hakuna aliyemwambia. Mwambie Jumamosi. Mwonyeshe kwenye solfa, kwa kidole.

Baba yako ataliona hilo mara moja, hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo karatasi ya nota ya wimbo wa tano, nzima, yenye mistari ya gitaa na dramu ambayo hajawahi kuiona, mwachie mezani usiku huu ukishaomba radhi. Usimsimamie akiisoma. Yeye ni mwalimu, penseli iko mfuko wa shati, na akianza kukusahihisha tena hatafanya hivyo ukiwa umemkodolea macho.

Jumamosi uwahi. Spika ziache kwenye bajaji mpaka uulizwe.

Shangazi